Miezi Mitatu ya Mtori

Wanaume watatu walikuwa wakilijadili tumbo langu sebuleni, na mimi nimelala chumbani, ukuta mmoja katikati yetu. Nyumba zetu za Kariakoo, miaka ile ya foleni na maduka ya ushirika, hazikujua siri. Ukikohoa chumba cha kwanza, mpangaji wa chumba cha mwisho anakupa pole. Kwa hiyo nilisikia yote, na yote yalinikasirisha.

Daktari alikuwa ametuambia kwa upole, akimtazama mume wangu kuliko alivyonitazama mimi, kwamba moyo wangu si mzima. Ulidhoofika baada ya mtoto wa kwanza, na mimba hii ya pili, ingawa ilikuwa bado changa, ungeshindwa kuibeba. Ikiendelea nitakufa, na pengine mtoto naye. Alitushauri itolewe. Tulirudi nyumbani kwa miguu kupitia Gerezani, polepole, na kila nilipochoka mume wangu aliinama akijifanya anafunga kamba za viatu ili nipumzike. Siku hiyo alikuwa amevaa kandambili.

Nilimtaka yule mtoto. Nasema wazi, maana watu wakisikia habari hii hudhani sikumtaka. Nilikuwa nimeshaanza kumwomba Mungu awe wa kike. Lakini nilikuwa na mwingine, wa miaka miwili, ambaye hapati usingizi mpaka ashike sikio langu. Nilitaka kuishi.

Mume wangu amelelewa kanisani tangu utoto wake kule Kilimanjaro, na hakuthubutu kuamua jambo kama lile bila Neno. Akawaita watu wawili. Mmoja alikuwa kaka yake, mzee wa kanisa na muuzaji wa vitunguu vya jumla katika soko letu jipya. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule aliyetuongoza katika ibada za nyumba kwa nyumba. Basi sebule ikajaa aya.

Shemeji alianza na Zaburi, kwamba Mungu ndiye amfinyangaye mtu tumboni mwa mama yake. Akaenda kwa Yeremia, aliyejulikana kabla hajaumbwa. "Sasa wewe ni nani umguse ambaye Mungu keshamjua?"

Mwalimu akamjibu kwamba Yeremia pale alikuwa akipewa wito wa unabii, hakuwa akifundishwa ukunga. Akafungua Kutoka, ile sheria ya wanaume wanaopigana wakamuumiza mwanamke mjamzito: mimba ikiharibika, watatozwa faini; mwanamke mwenyewe akidhurika, uhai kwa uhai. "Unaona, mzee? Sheria yenyewe imewatofautisha mama na mimba."

"Ile ni ajali," akasema shemeji. "Na wapo wanaoisoma kwamba mtoto alitoka kabla ya wakati, akiwa mzima. Huwezi kumtoa mtoto kwa kusudi ukajificha nyuma ya ajali."

Sitaki kumsingizia, hakuwa mtu katili. Alikuwa anaogopa, kama sisi sote. "Nikinyamaza leo," alisema, "nitamjibu nini Mungu siku ile?"

Kwa mume wangu nilisikia kiti tu kikilia.

Mama mkwe alikuwa ameshuka kwa basi kutoka mlimani na mkungu wa ndizi, na wakati ule alikuwa uani akizimenya. Nikasikia amesimama mlangoni pa sebule.

"Huyo mwanamke wa kwenye hiyo aya," aliuliza, "baada ya kuumizwa, nani alimpikia?"

"Haijaandikwa, mama," akasema mwalimu.

"Haya, endeleeni," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Hapo nikainuka. Nilitembea nimeshika ukuta mpaka sebuleni, nikamwamkia shemeji shikamoo, akaitikia marahaba kwa mazoea tu, uso umemshuka. "Shemeji, nimekusikia. Mwalimu, na wewe nimekusikia," nikasema. Kisha nikamgeukia mume wangu. "Nitakwenda hospitali. Utanipeleka?"

Alikuwa amesimama kabla sijamaliza. Shemeji akachukua Biblia yake na kofia yake, akatoka macho mekundu, bila kuaga.

Ya hospitali sitayasimulia. Nilirudi hai na mikono mitupu.

Kwetu Uchagani, mwanamke akijifungua, yaani mzazi, hukaa ndani miezi mitatu. Hachoti maji, hagusi ufagio. Analishwa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, mpaka mashavu yajae. Miezi ikitimia, hutolewa nje, akapitishwa sokoni watu wamwone. Zamani, mama mkwe alisimulia, alipewa fimbo na kuimbiwa kama askari aliyerudi vitani. Kwa mtoto wa kwanza nilipewa heshima hiyo. Safari hii nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kutafuta ndoo, maana nilijiona sina kichanga cha kunikalisha ndani.

Mama mkwe akaninyang'anya ile ndoo. "Kalale. Mzazi hachoti maji."

"Mzazi wa nani, mama?"

"Mwanangu mkubwa amesema alikuwa mtoto, na mimi nakubaliana naye. Kama alikuwa mtoto, wewe ni nani wake?"

Nikaketi pale pale.

"Basi kula."

Mwalimu alipohadithiwa alikuna kichwa, asijue kama ameshinda au ameshindwa. Mume wangu alipanga foleni ya nyama kabla hakujapambazuka, mara nyingi akarudi na mifupa, tukashukuru. Mama mwenye nyumba, Mwislamu wa pwani hii hii, aliniletea uji wa pilipili manga kama wanavyowapa wanawake wao waliojifungua, wala hakuuliza kitu. Shemeji hakukanyaga kwetu. Nami nilikula, nikanenepa, na sikulia hata mara moja. Nilidhani kulia ni haki ya aliyefiwa, na mimi nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe.

Miezi ilipotimia, mama mkwe alinifunga kanga mpya, akanipa fimbo yake ya kutembelea, akatangulia. Sikujua anakonipeleka mpaka tulipoanza kuteremka shimoni, chini ya soko, kwenye mazao ya jumla. Nilimwona shemeji amekaa juu ya magunia yake. Nikataka kugeuka. Mama mkwe hakutazama nyuma.

Shemeji alimwona mama yake, kisha akaiona ile fimbo, kisha akaniona mimi. Naye ni mtoto wa mlimani, hakuhitaji kuelezwa ile ni safari gani. Alishuka kwenye magunia taratibu. Akavua kofia. Kisha akasimama mbele ya makuli waliokuwa wakija na mizigo kichwani, akatandaza mikono yote miwili.

"Pisheni!" akapaza sauti. "Pisheni njia, mzazi anapita!"

Makuli wakautazama mgongo wangu wakimtafuta mtoto. Hawakumwona, lakini wakapisha. Na pale, katikati ya vitunguu vya shemeji, nikamlilia mwanangu.