Siku Tulipopika Kicheko cha Bibi

Tak! Halafu mkwaruzo mrefu, kama mtu anayefagia changarawe. Halafu kikohozi kidogo cha adabu, na sauti ya Bibi kwenye kaseti: "Iko inashika? We Zuberi, iko inashika kweli?" Mpaka leo nikisikia kabati likifungwa, tak, masikio yangu yanabaki yanasubiri kikohozi.

Enzi hizo sisi tulikaa Gitega, mtaa wa Waswahili, na Bibi, mama yake mama, alikaa Muyinga na binamu yetu Zuberi. Leo mtu anatoka huku asubuhi na chai ya saa nne anainywa kule. Wakati ule wa vita barabara ilikuwa na hasira zake. Siku nyingine inapitika, siku nyingine mnaambiwa rudini, na hamuulizi kwa nini. Simu hatukuwa nayo, na barua Bibi hakujua kusoma. Kwa hiyo tulitumiana kaseti.

Na kaseti yenyewe ilikuwa moja. Nyie mliozaliwa juzi mnacheka, lakini nchi ilikuwa imewekewa vikwazo. Sukari tuliiona kwenye ndoto, na kaseti tupu dukani kwa Muhindi ilikaa nyuma ya kioo kama pete ya ndoa. Ile moja yetu ilikwenda na kurudi kwenye lori la Mzee Kasimu, aliyepeleka mizigo Muyinga hadi mpakani Kobero. Bibi anasema, tunasikiliza. Tunajibu juu ya maneno yake, yanafutika. Yeye naye anajibu juu ya yetu. Maneno yakawa yanakula maneno.

Hakuna aliyelalamika, kwa sababu Bibi akiwekwa mbele ya radiokaseti aligeuka mtu wa serikali. Nani kaoa, nani kafiwa, migomba imeugua, salini, wasalaam. Ukimaliza kumsikiliza unataka kusimama wima.

Mpaka ikaja ile kaseti aliyosahau kuizima.

Alishamaliza wasalaam yake. Mara tunasikia mabawa, sufuria inaanguka, Bibi anafoka, "Toka! Toka, we mwizi!" Ni kuku kaingia ndani. Halafu Zuberi anapiga yowe, na kwa tulivyoelewa sisi, kuku alikuwa ameshapanda kichwani kwake. Hapo Bibi akacheka. Yoo! Kicheko chake kilianza kama anakohoa, kikapanda, kikapanda, kikakata kabisa, kimya, unasema basi huyu kazimia, halafu kikarudi kikubwa kuliko mwanzo. Baba alicheka mpaka akachoma suruali ya mteja kwa pasi ya makaa. Baba alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa duka lake. Harufu ya ile suruali ilikaa siku nzima, na hakuna aliyejali.

Mimi sikuwa nakumbuka uso wa Bibi. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Kile kicheko ndicho kilinipa uso: mashavu, pengo, kitambaa kimeteleza kichwani. Nilikisikiliza mpaka mawe ya radio, zile betri, yakaanza kuchoka, tukayaanika juani yapate nguvu.

Halafu Mama akasema, "Ijumaa Mzee Kasimu anapita. Lazima tujibu."

"Tujibu juu ya kicheko?"

"Sasa tujibu juu ya nini, Maju? Juu ya sahani?"

Nililia. Mama alinivumilia kidogo, halafu akaniambia polepole, "We unataka Bibi yako akae bila jibu, aseme tumekufa?" Miaka ile maneno hayo hayakuwa utani. Kaseti ikichelewa wiki moja, kule Muyinga watu walianza kukaa kwenye mikeka ya matanga. Nikanyamaza, lakini machozi hayakujua kunyamaza.

Hapo ndipo alipoinuka Mjomba Rajabu. Huyu alikuwa mdogo wake Mama, alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi kuliko nguo za Baba. Alikuwa anasomea elektroniki kwenye shule ya ufundi. Shule ikafungwa kwa sababu ya usalama, naye akawa kwetu, anakula kwa mbili na kufundisha bure.

"Usilie, mjomba wangu," akaniambia. "Sauti inaweza kugeuzwa namba. Namba hazifutiki."

"Namba za nini?"

Akanivuta mpaka mlangoni, akanionyesha njia ya udongo inayoshuka bondeni. "Sauti iko kama ule mteremko. Haina mahali pa kusema hapa ni moja, hapa ni mbili. Inateleza tu. Hiyo tunaita analojia. Sasa chukua jembe, uchimbe ngazi. Ngazi zinahesabika! Hiyo ndiyo dijitali. Ukichimba ngazi ndogo ndogo, nyingi sana, mtu anayetazama kwa mbali hajui kama ni ngazi au ni mteremko."

"Bon," akasema Baba bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Na jembe liko wapi?"

Jembe letu lilikuwa ile radiokaseti. Ilikuwa na mstari wa taa tano nyekundu. Sauti ikiwa ndogo inawaka moja, ikipanda zinawaka zote. Mpango wa Mjomba ulikuwa hivi: tunapiga kaseti kipande kidogo, tunaisimamisha, tunasema taa ngapi zimewaka, tunaweka alama. Kipande kingine, tena. Na alama tutaziweka kwenye ubao wa kibuguzo, ule mchezo wa mashimo na kete, kwa sababu, alisema, mashine haijui moja mpaka kumi kama sisi. Mashine inajua kitu kimoja tu: kipo au hakipo.

"Shimo lenye haragwe ni kipo. Shimo tupu ni hakipo. Mashimo matatu yanatosha kwa kila kipande. Shimo la kulia thamani yake moja, la katikati mbili, la kushoto nne. Taa tano utaandikaje, Maju?"

Nilifikiri. Nne na moja. Haragwe, tupu, haragwe.

Mjomba alinitazama kama mtu aliyeokota saa barabarani. Mimi nilikuja kuacha shule mapema, lakini siku ile, nawaambia, nilikuwa profesa.

Tukaanza Alhamisi baada ya adhuhuri. Mdogo wangu Idi alikuwa kwenye kibonye cha kusimamisha, Mjomba anasoma taa, mimi naweka maharagwe. Ubao ukajaa haraka, kicheko bado hata hakijachangamka. Tukachukua trei za mayai. Zikajaa. Tukachora mashimo kwenye vumbi la uwanja. Watoto wa mtaa wakaja, mmoja akaniuliza, "Mnapanda maharagwe?" Nikamjibu kwa dharau kubwa, "Tunapanda Bibi."

Jua limeshaanza kushuka, Baba akatoka na futi yake shingoni. "Mmefika wapi?"

Mjomba akajifuta jasho. "Kicheko cha kwanza tumekimaliza. Tuko pale anapokata pumzi."

"Mchana mzima, Bibi hajavuta hata pumzi?"

"Shemeji, mashine yenyewe inafanya hivi maelfu ya mara kwa sekunde moja."

"Na nyinyi?"

Mjomba akachukua karai na mwiko. "Ngojeni niwasomee." Akatembea juu ya maharagwe kama imamu anayepanga safu, anasoma mashimo matatu matatu, anagonga karai: taa moja anagonga polepole, taa tano anagonga kwa nguvu. Ko, ko, KO, ko, KO KO KO! Watoto wakaanguka kwa kucheka. Idi akasema hiyo ni mbuzi juu ya bati. Na Mjomba, kwa unyonge, akakiri kwamba hizo taa zinaonyesha ukubwa wa sauti tu, siyo sauti yenyewe. Kwa sauti yenyewe tungehitaji maharagwe yote ya mashamba ya Buraza na watu wasiolala.

Lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ungo mkononi. Karai lilipofika pale penye mashimo matupu, mstari mzima hakuna haragwe, Mjomba akanyamaza jinsi mashimo yalivyosema. Kimya. Halafu, KO!

"Hapo," akasema Mama. "Hapo anapopumua. Hapo ni mama yangu."

Tukatazama yale mashimo matupu. Sikujua kama kitu kisichokuwepo kinaweza kufanana na mtu.

Halafu Mama huyo huyo akainama, akaanza kuyakumba maharagwe kwa mikono miwili kuyatia kwenye ungo.

"Mama! Unafanya nini!"

"Kuvrefe inakaribia, hakuna kutoka nje tena, na moto uko tayari. Mlichukua maharagwe ya jioni, mlifikiri mtakula namba?"

"Mama, unampika Bibi!"

"Basi tumpike kwa heshima," akasema Baba. "Ongeza kitunguu."

Mjomba alikula sahani mbili za jasho lake, kichwa kimeinama. Baba akamhurumia, akaleta kaseti yake ya taarabu, ya dukani, yenye picha ya mwimbaji, aliyokuwa akiifunga kwenye kitambaa cha hariri na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Idi, kwa ile tamaa yake ya vibonye, akabonyeza cha kurekodi. Kikakataa kushuka.

"Usijisumbue," Baba akajivuna. "Ya dukani haifutiki."

"Kwa nini?" nikauliza.

Mjomba akaichukua ile kaseti, akaigeuza, akatazama mgongo wake. Akachukua ya Bibi, akatazama. Ya Bibi ilikuwa na vijino viwili vya plastiki huku na huku. Ya Baba ilikuwa na vishimo. Akafungua mlango wa radio, akatuonyesha mle ndani kidole kidogo cha chuma. "Kinapapasa," akasema, sauti yake ikianza kupanda. "Kikigusa jino, mashine inakubali kurekodi. Kikikuta shimo, inakataa."

"Kipo au hakipo," nikasema.

"Kipo au hakipo!"

"Sasa tukiziba shimo la kaseti ya Baba, mashine itasema jino lipo?"

Wote tukageuza macho kwa Baba.

"Hapana," akasema Baba. "Hapana kabisa. Nimenyamaza maharagwe, nimenyamaza trei za mayai. Taarabu hapana."

Hakuna aliyembembeleza. Mama alianza tu kukusanya sahani, moja moja, bila kelele, na Baba akawa anamtazama. Mwisho akanyoosha mkono kwenye kikapu cha vitambaa vyake, akachagua kipande cha kaki, akakikunja kidogo kidogo kama anaweka kifungo kwenye shati la bwana harusi, akakisukuma kwenye shimo. "Upande mmoja tu," akasema. "Ule wa pili msiuguse. Huyo mama yenu wa Muyinga asikilize muziki, labda ataacha kutusomea habari."

Ijumaa asubuhi tulijibu juu ya taarabu. Mama alisema tuko wazima. Mjomba alianza kueleza dijitali, akazuiwa. Mimi niliambiwa niseme salamu. Nikasema, "Bibi, tulikula kicheko chako, kilikuwa kitamu," na hapo Baba akazima.

Kaseti ya taarabu haikurudi Gitega. Bibi alimwambia Mzee Kasimu atuambie ametusikia, amefurahi, na ametafuta kaseti nyingine ya kutujibu kwa sababu hii ameipenda. Baba alitembea na jambo hilo moyoni mpaka vita vikaisha.

Sasa mimi ndiye naishi Muyinga, niliolewa huku, nachaji simu za watu karibu na soko na kuota kwamba siku moja nitafungua shule ya elektroniki ya kwangu, yenye maharagwe mlangoni. Bibi nilimkuta, nikamfaidi miaka michache. Mashavu yalikuwa yale yale niliyoyasikia. Mwaka juzi kijana mmoja wa sekretaria, pale wanapopiga chapa na fotokopi, aliichomeka kaseti ya Bibi kwenye kompyuta, akabonyeza, akaanza kutafuna karanga. Karanga hazijaisha, kicheko kikawa namba tupu. Nilikaa pale nalia, yeye akadhani bei ndiyo imeniliza.

Vijana wa leo wanatumiana sauti kutwa nzima. Mama zao wanawaongelea, wao wanazikimbiza mara mbili ya mwendo ili ziishe. Simu ikijaa wanafuta kwa kidole gumba huku wanaongea mambo mengine. Siwalaumu, hawajawahi kuwa na moja tu. Ila nimeigeuza simu yangu mara nyingi, nikapapasa mgongo wake wote. Haina kijino.

Ile Ijumaa, lori lilipokwenda, Baba alikuwa ameingia msikitini na wengine walikuwa bado wanapunga mikono barabarani. Mjomba alikuwa amesema atanivunjia yeye kijino, akirudi, kicheko kisifutike tena. Sikumsubiri. Niliingia dukani kwa Baba, nikakaa chini ya meza ya kukatia, kaseti ya Bibi kwenye mapaja. Nikatafuta kijino cha upande wa kicheko, nikaingiza ncha ya mkasi, nikafumba macho.

Tak.