Nilivyoziba Maji ya Zamu Yangu

Mimi nimezaliwa Mwika, nikaolewa hukohuko Mwika, na kwetu maji hayakataliwi. Mfereji ulipita nyuma ya migomba, zamu yako ikifika unafungua, unamwagilia mpaka iishe. Zamu usiyoitumia jirani anaikumbuka. Ukiiacha mara mbili, mara ya tatu anakuuliza unaitakia nini. Mtu aliweza kukosa kikao cha ukoo akasamehewa, lakini kukosa zamu ya maji? Thubutu!

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa mume wangu alipata kazi kwenye mashamba ya miwa, tukashuka tambarare, upande wa Chekereni. Kule juu mlimani walisema tumekwenda porini. Kamati ya kijiji ikanipa nusu eka kando ya mfereji kwa sharti moja: nilime nyanya msimu mmoja, waje wakague, na wakikuta shamba limekufa linakwenda kwa mwingine. Waliolitaka hawakujificha. Walinisalimia huku wanatazama matuta yangu.

Nililitaka lile shamba, jamani. Kihamba cha Mwika, lile shamba la ukoo la migomba, kilikuwa cha mume wangu na kaka zake, na mimi pale nilikuwa mke wa mtu tu. Hii nusu eka ndiyo ardhi ya kwanza kuandikwa jina langu.

Zamu zilikuwa mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na mimi sikuacha hata moja. Nilijaza mpaka maji yakasimama kati ya matuta. Nyanya zikarefuka haraka, nikatamba. Zilipoanza kutoa maua, majani ya chini yakageuka njano, na kila saa saba mchana miche yote ikawa inalala. Nikasema kiu hiyo, nikaomba na masalio ya maji ya majirani. Kesho yake ikalala zaidi. Ndipo nikang'oa mche mmoja wa karibu na mfereji. Mizizi ilikuwa ya kahawia na inanuka.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kigogo, mkubwa kwangu kidogo, mumewe mkata miwa. Udongo wa shamba lake ulikuwa mkavu juu, na mimi mjuaji nilishawahi kusema kwamba watu wa Dodoma maji wataanza kuyajulia wapi. Lakini nyanya zake zilikuwa zimesimama. Nikameza kiburi changu, kichungu kweli, nikamfuata.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nilijua utakuja."

Alichimba kwa mkono kwenye tuta langu, akatoa udongo wa chini, akaufinya. Ukawa donge, vidole vyake vikalowa.

"Mdogo wangu, huu ndio udongo wenye kiu?"

"Si unaona zimelala?"

"Saa saba na jua hili hata mimi nalala. Zikilala asubuhi, hapo zipe maji. Na ukifinya udongo ukamomonyoka, zipe. Donge likikaa, ziache. Unaziozesha, mama!"

Nilikasirika, maana nilimwelewa palepale. Nilikuwa naziua kwa mikono yangu mwenyewe, na jasho juu.

Nyumbani nilikuwa na mama mkwe, ameshuka kututembelea. Nikamweleza. Akaweka kikombe chini.

"Mwacha mila ni mtumwa," akasema. "Leo uache zamu, kesho wamechukua na shamba. Nusu ya juu nitamwagilia mimi. Sitakaa hapa nione nyumba ya mwanangu inakataa maji."

Sikubishana naye. Ukweli ni kwamba hata mimi niliogopa. Shamba lilikuwa na milango miwili ya maji, basi tukagawana: wa juu wake, wa chini wangu.

Jumanne nilifinya udongo, donge likakaa. Nikakata majani, nikachota tope, nikaziba mlango wa chini. Mzee wa zamu, msimamizi wa mfereji, akasimama na jembe lake begani.

"Mama, unafanya nini?"

"Naziba, mzee. Leo huku sihitaji. Nikihitaji nitafungua, na jina langu lisifutwe."

Mfereji mzima ukacheka. "Mchagga anakataa maji! Leo mlima utahama!" Nikawaambia wacheke vizuri, wasije wakapaliwa. Wiki nyingine nilifungua mara moja, nyingine sikufungua kabisa. Mkono wangu ndio ulioamua.

Kamati walikuja Jumanne asubuhi. Nusu ya juu ilikuwa aibu: maua yamepukutika, mashina yameoza, na nyanya chache zilizoiva zimepasuka. Nusu ya chini miche ilikuwa mifupi, migumu, imeinama kwa uzito wa nyanya nyekundu. Mwenyekiti akatembea kote mara mbili.

"Ndugu, hapa wamelima watu wawili?"

"Mmoja, Ndugu Mwenyekiti. Huku juu alikuwa anaogopa," nikajibu.

Sikumtazama mama mkwe. Yeye alichuma nyanya moja ya chini, akaipangusa kwenye khanga, akaila yote amesimama. Mwenyekiti akamwambia karani wake jina langu libaki palepale. Wale waliokuwa wakiyatazama matuta yangu wakaondoka mmojammoja.

Mara mzee wa zamu akapaza sauti kwamba zamu yetu imefika. Maji yakaanza kuingia mlango wa chini. Kabla sijainama, mama mkwe alikwisha piga goti kwenye tuta. Akachimba kwa mkono, akafinya udongo, akafungua kiganja na kulitazama lile donge kwa muda. Kisha akachukua jembe langu, akaziba mlango mwenyewe.

"Bado," akamwambia mzee wa zamu. "Mpe jirani."