Rafiki Aliyeniitikia Jina

Katibu wa kwaya yetu pale Ikutha ni mwalimu mstaafu, na kila Jumamosi kabla ya mazoezi alituita majina kana kwamba bado tuko darasa la nne. Alisoma kwenye daftari bila kuinua kichwa. Ukisikia jina lako unajibu, "Niko, Mwalimu." Usipojibu, anachora msalaba mwekundu, na misalaba mitatu inakutoa kwenye kwaya mpaka yeye aseme urudi.

Mimi nauza kuku sokoni, na Jumamosi nilikuwa nachelewa kila mara. Rafiki yangu ambaye husimama kando yangu akanisaidia. Jina langu likiitwa, anaitikia kwa sauti nyembamba. Likiitwa lake, anaitikia kwa nzito. Hakuna aliyegundua.

Mwaka jana tulialikwa kuimba katika mji wa Salama, kwenye ufunguzi wa kanisa jipya. Tulikodi basi, tukasimama Emali kunywa chai. Nilienda msalani, na nikirudi nikaona leso nzuri zimetandazwa kando ya barabara. Nilichagua, nikachagua tena. Nilipofika pale basi lilipokuwa, hapakuwa na basi. Simu yangu ilikuwa ndani ya pochi, na pochi ilikuwa kwenye kiti changu.

Dereva wa lori la vitunguu akaniambia, "Salama napita, Mama. Lakini hicho kiti kina gunia, utalikalia tu."

Tulipofika nusu ya njia, macho yalikuwa yananichuruzika. Dereva alilitazama joho langu la kwaya la zambarau kwa huruma.

"Pole sana, Mama. Ni mtu wa karibu?"

"Ni kwaya," nikamjibu.

Akazima redio.

Nilipoingia kanisani wenzangu walikuwa wamesimama mbele, kimya, kwa sababu wimbo wa kwanza huwa naanzisha mimi. Mwalimu alikuwa anahesabu vichwa kwa kidole. Nikaanza kuimba nikiwa bado karibu na mlango, nikielekea mbele na machozi mashavuni na harufu ya vitunguu mwilini. Waumini wakasimama. Mama mmoja alinikumbatia akilia kuliko mimi, na mchungaji akasema hajaona mtu akiguswa namna hiyo.

Baada ya ibada Mwalimu alituita nyuma ya kanisa.

"Pale Emali nilisoma jina lako," akaniambia, "na ulinijibu. Nilikusikia kwa masikio haya."

Rafiki yangu akajikohoza.

"Ni mimi niliyejibu, Mwalimu. Sikukusudia. Nikisikia jina lake mdomo hufunguka wenyewe."

"Hufunguka tangu lini?"

Angeweza kusema tangu asubuhi ile. Lakini tulikuwa kwenye uwanja wa kanisa, naye ni mtu wa kuogopa Mungu.

"Tangu mwaka juzi."

Mwalimu alikaa kwenye jiwe, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akatoa kalamu nyekundu. Alichora mpaka chakula kikapoa. Kisha akatuambia sote wawili twende tukakae na waumini wengine.

Tulikaa huko miezi mingi. Krismasi ilipokaribia akatuita turudi, bila maneno mengi. Sauti ya kwanza, tunayoimba sisi, ilikuwa imebaki na watu watatu, na mmoja wao alikuwa karibu kujifungua.