Mzigo Usio na Chumvi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mtaa wa Bwiza nimevaa kitenge cha Jumapili na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimeajiriwa na huduma ya kanisa inayowatoa watu barabarani na kuwasaidia kuanza maisha upya, na kichwani nilijiona mtumishi wa Mungu wa kupigwa picha. Mkubwa wangu wa kwanza, Mama Shemasi, alinitazama kuanzia miguuni.

“We unaenda kuolewa?” aliniuliza. “Enda utafute kandambili. Mutu analala chini, we unamufikia na kisigino?”

Kila asubuhi tulifanya kitu tulichokiita “kupitia”: kuzunguka kwenye baraza za maduka kabla wenyewe hawajafungua, na kuwasalimia waliolala pale. Mama Shemasi alikuwa na sheria zake, na ole wako uzivunje. Usimwamshe mtu kwa mguu. Usizungumze naye umesimama. Kaa chini, hata pakiwa pamelowa. Usianze na Yesu wala na mkate, anza na jina lake. Baada ya hapo ilikuja “ekuti”, neno tulilolichukua kwenye Kifaransa, maana yake kusikiliza: mtu anasema, wewe unafunga mdomo. Mimi ni msemaji, hata nyumbani wananijua. Ekuti ilinitesa kuliko jua.

Baadaye nilipelekwa Gatumba, wakati maji yalipowafukuza watu majumbani, nikafanya kazi kwenye mahema. Kisha nikarudishwa mjini, kwenye ofisi yetu ya Gihosha, chini ya Mchungaji Mkurugenzi. Alikuwa mpole, mtu wa mipango, shati lake limepigwa pasi hata Jumamosi. Kazi yangu mpya iliitwa “kuweka”: kumtafutia mtu chumba cha kupanga na kumkabidhi mzigo wa nyumba. Ndani ya mzigo kulikuwa na mkeka, blanketi, sufuria, mbabula ya kupikia kwa makaa, bidoni ya kuchotea maji, maharage, unga, mafuta, chumvi na kiberiti. Mchungaji aliupenda sana mzigo ule.

“Mutu wetu asikose kitu,” alikuwa akisema. “Asiende kusumbua majirani.”

Hapo ndipo aliponishinda Melkiori. Alikuwa fundi wa kujenga, mjane, na mafuriko ya Gatumba yalikuwa yamebeba nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nilimkuta barazani Bwiza. Tukamweka kwenye chumba kizuri Gihosha, na mzigo kamili. Akarudi barazani. Tukamweka tena, akarudi tena. Hakuwa mlevi, wala akili yake haikuwa na kasoro. Mchungaji aliniita ofisini.

“Mama Neema, tukimuweka tena itakuwa ya mwisho. Wengine wanangojea nafasi.”

Nikaenda Bwiza, nikakaa chini karibu yake, nikafunga mdomo.

“Kule kwenu hakuna mutu ananijuaka,” alisema mwishowe. “Ninaamuka, ninapika, ninafunga mulango. Nikikufa, ni harufu itawaambia. Hapa nikiamuka, wenzangu wananiuliza kama nimelala.”

Nilipanda mlima kurudi Gihosha nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya ule mzigo. Kwetu, mtu akihamia mahali, hajawa jirani mpaka abishe mlango kuomba kitu kidogo, kisha naye aje aombwe. Sisi tulikuwa tumempa Melkiori kila kitu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kubisha popote. Nikamwambia Mchungaji kwamba safari hii naiondoa chumvi kwenye mzigo.

“Kanisa litoe sufuria halafu linyime chumvi?” alishtuka. “Watu watatusema!”

“Watuseme, Mchungaji. Nyumba isiyoombaka chumvi, watu wanasema mule muna mutu wa majivuno, ao mulozi.”

Alipangusa miwani yake. “Sawa. Lakini akirudi barabarani, ni we utaenda kumuambia kama nafasi imeisha.”

Melkiori alipofungua mzigo mlangoni pa chumba chake kipya, alipekua mpaka chini.

“Chumvi iko wapi?”

“Hakuna. Utaomba jirani.”

Uso wake ulibadilika. “Mama, nimeomba barabarani, nimechoka kuomba. Na barabarani ni afadhali, mutu anakupa, anapita. Jirani anabakia. Kesho anakuangalia mu macho.”

Akaisukuma sufuria kwa mguu, akaingia ndani na kufunga mlango. Niliteremka nikiwa na hofu ya kweli. Nilijiuliza kama sikumharibia nafasi yake ya mwisho kwa ajili ya kijiko cha chumvi.

Wiki iliyofuata nilirudi, nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Nikadhani amerudi barazani. Nikiwa bado nimesimama pale, alitoka mama mmoja Mwislamu wa chumba cha jirani, Mama Amina, mwiko mkononi.

“Ni we wa ile kanisa?”

“Ni mimi.”

“Hamuna haya! Muzee muzima munamuleta na maharage bila chumvi? Amekula chakula ya maji maji mpaka njaa ikashinda haya, ndio anakuja kubisha kwangu anaangalia chini! Hivi munajiitaka watu wa Mungu?”

“Sasa yeye yuko wapi?”

“Iko nyuma, ananijengea ukuta ya jiko. Kaa pale umungojee. Na usinionyeshe meno!”

Nilikuwa nacheka, kweli. Nilikaa, nikatukanwa mpaka nikashiba, na sikujitetea hata kwa neno moja. Tangu siku hiyo chumvi iliondolewa kwenye mizigo yote. Si kila mara ilisaidia, maana wapo majirani wenye roho ngumu, lakini Melkiori hakurudi tena barazani.

Nilistaafu magoti yalipokataa kukaa chini. Vijana mlioingia kazi hii mna simu na magari, na ninyi ni wepesi wa kutoa, jambo ambalo nawasifu. Ila nawaomba mkimpa mtu nyumba, mmwachie kitu cha kwenda kutafuta kwa wenzake.

Mwaka jana Mama Amina alinipigia simu kwamba Melkiori amefariki. Nilipofika, wanaume wa pale walikuwa wameshapeana zamu ya kubeba jeneza, na wanawake walikuwa wamewasha moto wa matanga. Mama mmoja nisiyemjua alikuwa akipanga watu kwenye viti.

“We ni mugeni, Mama? Kaa kule nyuma. Hapa mbele tumewekea watu wake.”

Mbele alikuwapo Mama Amina, amejifunika kichwa, na mafundi wenzake Melkiori, na watoto wa majirani wakilia. Nikaenda kukaa nyuma. Nilimlilia Melkiori, na ndani ya kilio kile nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kazini. Aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama nilimfahamu marehemu.

“Kidogo,” nilimjibu.