Atim na Trekta Linalojichoma

Atim hakuogopa kitu duniani ila moto, na Mungu kwa utani wake akampa kuendesha trekta linalojichoma.

Msimdhanie mwoga. Huyo ni mtoto wa sajenti, kazaliwa kambini, na Kiswahili alikijua mapema kuliko Kiacholi kwa sababu ndicho alichogombezwa nacho. Pale Port Bell, bandari ya Kampala ziwani, mabehewa yanaposhuka kutoka melini na mbao na mahindi yake, yeye ndiye huvuta tela mpaka ghalani. Akianza kulirudisha nyuma tela lenye mzigo, makuli huacha kazi wakatazama. Lakini mwambie awashe jiko la mkaa, umwone! Chumba chao katika mtaa wa Namuwongo kiliungua akiwa mdogo, kwa mshumaa tu, na dada yake Juliet hakutoka. Tangu hapo hajapika. Hununua chakula kilichokwisha kuiva, na majirani wakimcheka huwaacha wacheke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Siku Mzee Okeny, mwanajeshi mstaafu na mwenye ghala, alipoleta trekta jipya, aliyeliuza alimweleza Atim mambo yake. Kwenye bomba la moshi mna filta inayonasa masizi. Ikijaa, injini hupandisha joto yenyewe na kuyachoma masizi yakawa majivu. Ukiona taa ya njano, liache lijichome, ila uwe mbali na vitu vikavu, maana bomba hilo linaweza kuwasha nyasi. Na kama mahali si salama, kuna kitufe cha kulikataza kwa muda. Katika maneno yote hayo Atim alishika moja tu, kitufe.

Taa ikiwaka, anabonyeza. Bandarini kuna mbao, ghalani kuna magunia, basi salama iko wapi? Akajiambia atalichoma kesho, na kesho akabonyeza tena. Ikawa mazoea, kidole kinakwenda chenyewe kabla hajafikiri.

Trekta likaanza kuchoka. Lilipanda mlima wa Luzira, njia ya ghalani, likitambaa, makuli wakilipita kwa miguu na kulipungia mkono. Mwishowe, mbele ya ghala, likagoma kabisa kuvuta tela ingawa injini iliwaka, na Mzee Okeny akamwita Wahabi, fundi wa Kibuli, mtu mwenye kompyuta yake ndogo na maswali mengi.

"Dada yangu," Wahabi alimuuliza, "hii trekta ilijichoma lini mara ya mwisho?"

Mzee Okeny alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma kama yuko gwaride. Dereva wa kwanza alimfukuza kwa kuvunja taa moja tu. Kazi hii ndiyo iliyomlisha Atim na mama yake, na nani mwingine mjini atampa mwanamke trekta?

"Juzi, Fundi."

Wahabi akaunganisha kompyuta. "Masizi iko nusu tu," alisema akijikuna kidevu. "Haijajaa. Lakini wacha tuichome kwanza, tuone."

Nusu? Atim alijua si kweli. Kompyuta nayo ilikuwa inadanganya, kama yeye.

Walilisukuma trekta mpaka kwenye sakafu ya saruji uani, wakafagia kila jani. Mzee Okeny akauliza kama kuna hatari.

"Hatari ni masizi ikizidi, Afande. Ikishika moto hapo, haina breki. Filta inayeyuka, inaweza hata kupasuka na kurusha moto. Lakini hapa ni nusu, na dada amechoma juzi. Hakuna shida." Akamgeukia Atim kwa heshima ya Kiganda. "Nyabo, kaa juu. Usiguse kitu."

Wahabi akaagiza kwenye kompyuta, injini ikapanda sauti. Wahabi akachutama kando ya filta na kipimo chake cha joto, uso wake karibu na bati. Atim juu ya kiti alishika usukani kwa mikono miwili. Jasho lilimwingia machoni. Aliomba Mungu uongo wake uwe kweli, kwamba kwa namna fulani, labda usiku alipolala, trekta lilikuwa limejichoma. Harufu ya rangi inayochemka ilimfikia, akaisikia ile harufu ya Namuwongo.

"Mia tatu," Wahabi alisoma. "Mia tatu hamsini. Eh! Mbona inapanda haraka hivi?" Badala ya kurudi nyuma akainama zaidi, kama mafundi wanavyofanya.

Atim akazima injini.

"Nani amezima?"

"Fundi, toka hapo! Toka!" Alikuwa amekwisha kuruka chini, analia. "Nimesema uongo. Haijajichoma juzi. Haijajichoma hata siku moja. Mimi nilikuwa nabonyeza, kila siku nabonyeza!"

Wahabi alisimama taratibu, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagota ukutani.

"Tangu lini?" Mzee Okeny aliuliza.

"Tangu ulipoileta, Afande. Naogopa moto."

Mficha maradhi kifo humuumbua, husemwa. Hapa kifo kilikuwa kinamwendea mtu mwingine kabisa.

Bomba lilipopoa, Wahabi alifungua. Mrija mwembamba wa mpira wa kupimia mgandamizo wa filta ulikuwa umepasuka, ndiyo maana kompyuta ilisoma nusu. Filta yenyewe ilikuwa imeshindiliwa masizi, hata bisibisi haikupenya. Wahabi aliketi chini. "Nina watoto, dada," alisema.

Mzee Okeny hakumfukuza. Alimfokea mpaka makuli wakaona haya, kisha akasema atakayelichoma trekta hili siku filta ikirudi ni yeye mwenyewe, na asipoweza, aache ufunguo mezani.

Filta ikasafishwa, ikarudi na mrija mpya. Atim alipanda kwenye kiti. Safari hii Wahabi hakuchutama popote. Alisimama mbali, karibu na lango, na kizima moto mkononi.

Kompyuta ikaliamuru trekta lijichome kwa majaribio, na taa ya njano ikawaka. Kidole cha Atim kikaenda kwenye kitufe, akakirudisha. Kikaenda tena, akaukalia mkono. Injini ikanguruma, joto likamjia mgongoni, akalia kwa sauti mbele ya makuli wote na asijali.

"Nyabo!" Wahabi aliita kutoka langoni. "Uko sawa?"

Ulimi wake ulitaka kusema ndiyo.

"Hapana, Fundi. Naogopa. Naogopa sana."

Wahabi akaweka kizima moto chini, akaja kusimama kando ya trekta.