Mwezi Uliosimama Wima

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Fundi Mkuu, mwenye studio ya picha pale Kayanga, alinipa kitambaa laini na lenzi tatu, akaniambia nizifute. Nilipomaliza aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akazirudisha mezani. "Rudia," alisema. "Uso wa bibi harusi unasamehe vumbi. Nyota haisamehi."

Nilidhani anatania, maana studio yetu iliishi kwa harusi, ubatizo na picha za vitambulisho. Kumbe alikuwa na mapenzi yake ya siri. Mvua ikishasafisha anga, alifunga duka mapema, akapanda kilimani na kamera yake, mimi nyuma na stendi ya miguu mitatu begani. Karibu yote nitakayowaeleza hapa niliyapata huko juu.

Alianza na nyota. Mwanga wake ni mdogo, kwa hiyo shata, kile kipazia kinachofunguka ndani ya kamera, lazima ikae wazi kwa muda. Saa ya kusomeka gizani hatukuwa nayo. Tulihesabu kwa sala. Baba Yetu moja, ikisaliwa bila haraka, ni karibu nusu dakika. Yeye alikuwa Mlutheri, mimi Mkatoliki, na picha zangu zilitoka na giza zaidi kuliko zake. Alisema sababu iko wazi: Wakatoliki hatufiki kwenye "kwa kuwa ufalme ni wako", tunafunga shata mapema. Lakini usizidishe sana, kwani dunia inazunguka, na nyota itaacha kuwa nukta, itachora mstari.

Mwezi una sheria nyingine. Wanaoanza huupa muda mrefu kwa kuwa ni usiku, kisha wanapata sahani nyeupe isiyo na alama. "Mwezi ni jiwe lililoko juani," alinifundisha. "Upige kama unavyopiga jiwe la barabarani mchana." Na umande ukianza kushuka, aliivalisha lenzi soksi yenye mchanga uliopashwa moto, ili kioo kisipate ukungu. Soksi hiyo ninayo hadi leo.

Baada ya miaka kadhaa niliajiriwa kama mpiga picha katika ofisi ya vijarida vya wakulima na wafugaji. Mkuu wangu mpya alikuwa Mhariri Mkuu, mama mpole wa sauti ambaye hakupenda kurudia neno. Nilikuwa katika miezi ya majaribio. Nilijua kwamba barua ya kunithibitisha kazini ilikuwa kwenye droo ya meza yake, ikisubiri sahihi, na nyumbani mke wangu alikuwa akiniuliza habari zake kila Ijumaa.

Ndipo akanipa kazi ya kalenda. Alitaka ng'ombe wetu wa pembe ndefu wakiwa mlimani jioni, na mwezi mwandamo juu yao, mkubwa wa kuonekana. Nilikwenda Kyerwa kwa Mzee Kamugisha, mfugaji aliyekubali kunipa kundi lake. Tatizo lilikuwa hili: lenzi pana ya kuingiza kundi zima huufanya mwezi uwe mdogo kama ukucha uliokatwa. Basi nikatumia ujanja wa studio, kupiga fremu moja mara mbili. Jioni moja nilipiga mwezi peke yake kwa lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali. Nikarudisha filamu nyuma, na jioni ya pili nikapiga ng'ombe juu ya filamu ile ile. Lenzi ndefu ilikuwa nzito, stendi yangu ikaibeba vizuri zaidi kamera ikiwa imegeuzwa wima; ng'ombe niliwapiga ikiwa mlalo. Sikuliona hilo kuwa jambo.

Picha ilitoka nzuri. Mhariri Mkuu aliisogeza dirishani, akatabasamu, akasema bahati kama hiyo haiji mara mbili. Nami nikanyamaza. Ilipangwa kuingia mtamboni kuchapwa Jumatatu.

Jumamosi nilimpelekea Mzee Kamugisha nakala, kwa kuwa mwenye ng'ombe ndiye wa kwanza kupewa picha yao. Nilimwamkia, akaitikia, akaishika picha kwa mikono miwili. Akaitazama muda mrefu.

"Ng'ombe ni zangu," alisema. "Hata huyu mwenye pembe iliyopinda namjua. Mwezi ni wa nani?"

Nilimjibu kwamba ni wa hapa hapa, mzee.

"Wa hapa unalala chali, pembe juu, kama ng'ombe anayekuja kwako. Pengine unaegama kidogo. Huu umesimama ukutani kama mtu anayesikiliza ya jirani. Uliutoa wapi, mwanangu?"

Alicheka, na mkewe aliyekuwa akimenya ndizi naye akacheka. Mimi sikuweza. Nilipogeuza kamera nilikuwa nimeugeuza na mwezi, na kila atakayetundika kalenda ile angekuwa mtu anayechunga jioni, anayejua mwezi unavyokaa.

Ningeweza kunyamaza; ofisini hakuna aliyegundua. Nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi, pamoja na ile barua. Jumatatu asubuhi niliwahi mtambo na kumweleza Mhariri Mkuu yote.

"Uliniambia umepiga mara moja?"

"Hukuniuliza, mama."

"Sikukuuliza kwa sababu nilikuamini." Alifungua droo, akaitazama barua, akaifunga. "Mwezi mwandamo mwingine ni lini?"

"Wiki tatu, mama."

"Basi kalenda itasubiri wiki tatu. Barua nayo."

Safari hii nilifanya kinyume cha nilivyozoea. Ukitaka mwezi uwe mkubwa juu ya kitu, usikisogelee kitu, kikimbie. Ukiwa mbali na lenzi ndefu, ng'ombe anakuwa mdogo, lakini mwezi haupungui, na wawili hao wanalingana. Mzee Kamugisha alilisimamisha kundi kwenye ukingo wa mlima upande wa magharibi. Mimi nilivuka bonde nikafunga kamera upande wa pili, mlalo, nikining'iniza jiwe chini ya stendi isitikisike. Jua lilizama. Mwezi mwembamba ukashuka kuelekea migongo yao. Anga ilikuwa bado na mwanga kiasi cha kutaka sekunde moja nzima, na kwa sekunde hiyo ng'ombe walipaswa kutulia. Nilimwona mzee akisimama mbele yao, nikasikia sauti yake ikivuka bonde, akiwaita kwa majina polepole. Wakatulia. Nikafyatua. Yule mwenye pembe iliyopinda akatikisa kichwa. Nilipoandaa fremu ya pili, mwezi ulikuwa umeshaingia mlimani.

Mhariri Mkuu aliitazama picha, akauliza swali moja tu: "Mzee ameiona?" Nilikuwa nimeanzia kwake. Barua niliipata wiki iliyofuata, na nilifanya kazi katika ofisi ile hadi nilipostaafu.

Siku hizi ninyi mna simu, na nyingine zinauongezea mwezi uzuri zenyewe kabla hamjauona vizuri. Zitumieni, sina ugomvi nazo. Ila kabla ya kumwonyesha mkuu wako picha ya anga, mwonyeshe kwanza anayeishi chini ya anga hiyo.

Mzee Kamugisha alishafariki. Mwaka huu nilipita kumsalimia mjane wake. Ile kalenda bado iko ukutani. Sehemu ya tarehe ameikata, picha ameiacha. Ng'ombe wote ni weusi kama kivuli, lakini aliwataja mmoja mmoja kwa pembe zao. Alipofika kwa yule wa mwisho, mwenye pembe iliyopinda, nilimwomba radhi, nikamwambia ng'ombe huyo alitikisa kichwa nilipofyatua, ndiyo maana ana ukungu.

"Usiombe radhi," alisema. "Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kutulia hata siku moja."