Kwenda Morogoro Kumpiga Picha Mke Mwenza wa Bibi

Nilikwenda mimi kwa sababu Bibi alikuwa amekaa eda na hakuweza kutoka. Babu alikuwa dereva wa treni Morogoro miaka mingi, na Bibi alibaki huku kwetu Ruaruke na mikorosho yake. Kila likizo Babu alirudi na hadithi za kichwa kimoja tu cha dizeli: kinavyonguruma, kinavyodeka, kinavyokataa kuwaka kwa mtu mwingine. Bibi, ambaye hakuwahi kukiona, alikiita "mke mwenzangu".

Babu alipofariki nyumba ikanyamaza. Bibi alikula kidogo, akajibu kwa kichwa, na kicheko chake, kile cha kusikika hadi kisimani, sikukisikia tena. Halafu zikaja habari kwamba vichwa vya zamani vitauzwa chuma chakavu. Siku hiyo akaniita.

"Salumu, mume wangu, kaniletee sura ya yule mwanamke kabla hawajamkatakata. Utamjua. Ana kovu shavuni, aligongana na nyati huko Mikumi."

"Nani alimgonga mwenzake, Bibi?"

"Babu yako alisema makosa yalikuwa ya nyati," akajibu, bila kutabasamu. Zamani angeniangukia begani kwa kucheka. Nikaona hapo kwamba lazima niende.

Ijumaa baada ya sala nilikuwa Kibiti. Mpiga picha wa sokoni aliniazima kamera na kunionya kwamba ikipotea nisirudi Kibiti, nipitilize Lindi moja kwa moja. Nikapata lori la nazi. Mara mbili lilizama mchangani na sote tukashuka kusukuma, lakini tulipokuwa tunakwenda nililala chali juu ya mzigo nikiwaza picha zangu zimetundikwa kwenye kalenda, nchi nzima inazitazama. Ndoto hazina nauli.

Jumamosi mchana, Morogoro. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu kama mtu anayesikia baridi. Karakana ya treni iko wazi tu, langoni hapana mtu, nami nikaingia. Vichwa vya treni vilisimama kwenye majani marefu, rangi imechujuka, vioo vingine vimetoka. Nikapita shavu kwa shavu, nikitafuta, hadi nikaliona kovu: bati limebonyea chini ya dirisha la dereva. Unacheka, lakini nilimwamkia. Nikasema, "Shikamoo, Bibi mdogo," kisha nikaanza kazi, mbele, ubavuni, ngazi aliyopandia Babu, dirisha alilochungulia, nikabakiza nafasi ya picha moja.

Mkono mzito ukanishika bega. Mlinzi, mzee mrefu mwenye koti la kaki na ndevu nyeupe.

"Nani kakuruhusu kupiga picha hapa? Umetumwa na nchi gani?"

"Sikutumwa na nchi, mzee. Nimetumwa na bibi yangu, natoka Rufiji."

"Rufiji! Umekuja kwa gari au kwa mgongo wa mamba?"

Nikamweleza yote: Babu kwa jina lake, eda, mke mwenza, kovu. Alisikiliza bila kupepesa jicho. Kisha akanivua kamera shingoni.

"Hii italala rumande. Njoo kesho asubuhi."

Wali niliouagiza kwa mama lishe ulipoa mbele yangu. "Mwanangu, umefiwa?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, maana lilikuwa jibu fupi.

Jumapili asubuhi nilimkuta mzee langoni anakunywa chai. Akanirudishia kamera. Nikatazama kidirisha cha kuhesabia: mkanda umekwisha, hakuna nafasi hata ya picha moja.

"Niliifungua nyuma," akasema. "Nilitaka kuona watu wanavyokaa mle ndani."

Mkanda ukiingia mwanga ndiyo basi, picha zimeungua. Nikakaa chini pale pale.

"Lia basi! Ama machozi mmewaachia viboko mtoni?" Kisha uso wake ukabadilika. "Mimi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Nilikuwa msaidizi wa babu yako kwenye kichwa hiki hiki. Mtani wangu yule, Wanyamwezi na Warufiji tunataniana! Habari zimenifikia mmeshamaliza na arobaini. Sasa niambie, msibani nani alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku? Nani aliwachekesha wafiwa?"

"Hakuna, mzee. Hatukuwa na mtani."

"Mmemzika mtu mzima kama kifaranga. Adhabu yenu ni hiyo."

"Lakini kweli uliifungua?"

"Mtani haapishwi."

Wakati huo mafundi wakakiwasha kile kichwa, kivute wenzake waliokufa kwenda reli ya mwisho. Kikakohoa, kikatoa moshi mweusi, kikanguruma hata nikakisikia kifuani. Kamera ilikuwa imemaliza mkanda, nikatazama kwa macho tu. Maganga alivua kofia.

Jumatatu, Dar es Salaam. Nikaupeleka mkanda studio, nikasimama nje nikisoma dua zote nilizofundishwa chuoni. Fundi akatoka na bahasha.

"Zimetoka vizuri," akasema. "Ila ya mwisho sielewi."

Nikaziangalia moja moja. Alhamdulillahi! Hakuifungua. Nilipofika ya mwisho nikacheka peke yangu barabarani, watu wakanipisha.

Jumanne jioni, Ruaruke. Bibi alizipokea picha akiwa mkekani. Akaipitishia kidole ile ya kovu, polepole.

"Kumbe mnene hivi," akasema. "Ndiyo maana alikuwa anachelewa kurudi."

Kisha akaifikia ya mwisho. Dirishani, pale pa Babu, ameketi Maganga, kanga kichwani kama bi harusi, macho ameyalegeza, mdomo ameubinua kuelekea kamera.

Bibi akaisogeza karibu na taa. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

"Salumu! Mke mwenzangu ana ndevu!"

Kicheko kile kikatoka. Majirani wakaja mbio, wakaikuta picha inapita mkono kwa mkono, nao wakaanguka. Usiku ule Bibi alimaliza sahani.

Nilidhani nakwenda kuchukua picha ya chuma. Kumbe nilikwenda kumchukua mtani, aje amalize msiba wetu. Kuku wa Maganga, Bibi amekwisha kumchagua, jogoo mwekundu. Eda ikiisha tunampeleka wenyewe, mimi na Bibi, na Bibi anasema lazima tumpelekee Maganga na kanga mpya: mke mwenza ni yeye kuanzia sasa.